UZI: Waganga wa jadi wa Uingereza na mazindiko yao (chupa ya mkojo, hirizi za Kilatini, alama za boriti, viatu vya dohani)

#1 MchimbaKale

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa uchawi wa Uingereza humu, mazungumzo hukimbilia kwa wanawake waliochomwa moto. England mchawi aliyetiwa hatiani kwa kawaida alinyongwa. Scotland ndiko alikonyongwa kisha maiti ikatiwa moto. Na kwa kumtazama mchawi peke yake tunampita mtu aliyekuwa na shughuli zaidi kijijini, yaani mganga. Nimefungua uzi huu kwa ajili yake na vifaa vyake. Wenye ujuzi wa sheria, maandishi na majengo naomba mshuke.

Waingereza walimwita mjuzi. Neno lao cunning, ambalo siku hizi lina maana ya ujanja, mzizi wake ni kujua. Wales walisema dyn hysbys, maana ileile, mtu mwenye kujua. Mwaka 1621 Robert Burton aliandika kwamba watu hawa wamo kila kijiji, na hakutia chumvi. Mwanahistoria Alan Macfarlane alipopekua kumbukumbu za mahakama za Essex alikuta hakuna mwenyeji aliyekaa zaidi ya maili 10 (kama kilomita 16) kutoka kwa mganga anayejulikana.

Wengi walikuwa mafundi na watu wa kusoma na kuandika. James Murrell wa Hadleigh, Essex, aliyefariki Desemba 1860, alikuwa mshona viatu. Richard Napier (1559–1634) alikuwa kasisi wa parokia ya Great Linford, Buckinghamshire, na papo hapo mpiga falaki na mtengenezaji wa talasimu za madini. Yeye na mwalimu wake Simon Forman wameacha madaftari yenye mashauri yapatayo 80,000, yote kwa utaratibu mmoja: jina la mgonjwa, umri, siku na saa swali lilipoulizwa, mchoro wa nyota za saa hiyo, kisha hukumu. John Harries wa Cwrt-y-Cadno, Carmarthenshire, na mwanawe Henry walikuwa na karatasi za madai, zikimtaka mteja alipe kabla ya tarehe fulani, la sivyo deni lingedaiwa kwa njia nyingine. Ilikuwa kazi yenye ankara.

Wateja walileta mambo ya aina nne: mali iliyoibwa, ugonjwa wa mtu au mfugo unaoshukiwa kuwa wa kurogwa, mapenzi, na hazina zilizofukiwa. Hoja yangu ni kwamba bidhaa ya kwanza ya mganga ilikuwa jina. Mteja alikuja na jina moyoni, mganga akamsaidia kulitoa, na zindiko likafuata kama dawa ifuatavyo kipimo. Naanza na chupa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha hivyo waziwazi.

Chupa ya mkojo. Joseph Blagrave, mnajimu na tabibu wa Reading, aliacha maelekezo yaliyochapwa mwaka 1671. Chukua mkojo wa mgonjwa mwenyewe, utie ndani ya chupa pamoja na misumari 3, au pini, au sindano, na chumvi nyeupe kidogo. Ziba. Weka mkojo uwe wa moto wakati wote. Basi. Wengine waliongeza nywele, vipande vya kucha, miiba, na kitambaa au ngozi iliyokatwa kwa umbo la moyo na kutobolewa kwa pini.

Mantiki yake ni hii: mchawi alipomroga mtu aliaminika kuacha kitu cha nafsi yake ndani ya mwili wa aliyerogwa. Kwa hiyo mkojo wa mgonjwa una sehemu ya mchawi, na chupa inageuka kibofu chake. Misumari inamchoma, chumvi inamwasha, moto unamchemsha, na kwa kuwa chupa imezibwa hawezi kukojoa. Uchungu unamleta mlangoni. Ndiyo maana kulikuwa na masharti ya usiku ule: milango ifungwe, watu wakae kimya, na yeyote atakayebisha hodi kuomba au kuazima kitu asipewe, hata kama ni makaa ya moto. Anayebisha hodi ndiye.

Hapo mnaona jina linavyopatikana. Chupa ni tiba, lakini ni ramli pia.

Kilichoharibika mara nyingi ni kizibo. Maji yaliyozibwa yakichemka, mvuke hauna pa kutokea. Joseph Glanvill, katika kitabu kilichotoka 1681, ana kisa cha mume wa Suffolk aliyeagizwa kuweka chupa motoni, kizibo kikafyatuka na vilivyomo vikaruka nje. Kwa imani yao hilo lilimaanisha mchawi ameponyoka. Akarudi kwa mshauri wake, safari hii akaambiwa aifukie chupa ardhini. Mkewe akapata nafuu, halafu akaja mwanamke akilia kwamba wamemuua mume wake.

Kuhusu chupa yenyewe, iliyochunguzwa vizuri kupita zote ni ile ya Greenwich, London, iliyofukuliwa 2004 kwenye kina cha kama mita 1.5, ikiwa imewekwa kichwa chini. Eksirei ilionyesha vyuma vimejikusanya shingoni na kimiminika kikiwa bado ndani. Kikavutwa kwa sindano ndefu kupitia kizibo. Mkemia Alan Massey alikuta ni mkojo wenye mabaki ya nikotini, maana yake mwenyewe alikuwa mvuta tumbaku. Pia misumari 12 ya chuma, pini 8 za shaba nyeupe, nywele, vipande vya kucha vilivyotunzwa ambavyo havifanani na vya mtu wa jembe, kibiriti upele, kipande cha ngozi chenye umbo la moyo kilichopigiliwa msumari, na kitu kinachoonekana ni nyuzinyuzi za kitovuni.

---

#2 Mwanamkasi

Mkuu MchimbaKale, shukrani. Maswali mawili. Kwa nini nyingi ni zile chupa zenye uso wa mzee mwenye ndevu? Na kama Blagrave anasema moto, mbona hii ya Greenwich imefukiwa?

---

#3 MchimbaKale

Dada Mwanamkasi, la kwanza ni suala la soko tu. Zile ni chupa za udongo mgumu wenye glazi ya chumvi, zilizotengenezwa Frechen karibu na Cologne, Ujerumani, zikauzwa Uingereza kwa maelfu kwa ajili ya bia na mvinyo. Zilikuwa na shingo nyembamba, hazivuji, na kila nyumba ilikuwa nazo. Ziliitwa Bellarmine, jina lililotoka kwa Kardinali Roberto Bellarmino (1542–1621), adui wa Waprotestanti. Sura na tumbo la chupa huenda vilisaidia kuifanya ifanane na mtu, ila chupa za kioo za kawaida nazo zimekutwa na vitu vilevile.

La pili ni zuri, na wengi hulikosea. Njia zilikuwa mbili, ya moto na ya kufukia. Ya moto ilifanya kazi usiku mmoja na chupa ikapasuka au ikatupwa, kwa hiyo haiachi kitu cha kuchimbua. Iliyofukiwa chini ya meko au kizingiti ndiyo inayotufikia sisi. Tukihesabu chupa za makavazi (zilizoorodheshwa ni zaidi ya 100) tunahesabu njia ya pili peke yake, kisha tunadhani watu wote walifukia.

Murrell wa Hadleigh alishughulikia tatizo la kupasuka kwa kumwagiza mhunzi amtengenezee chupa za chuma. Chuma kinastahimili kuliko udongo, lakini kikishindwa kinashindwa vibaya zaidi, kwa kuwa mgandamizo unakuwa umepanda juu mno. Hiyo ni bomu.

---

#4 Ustadh Talasimu

Assalaam aleykum wana uzi. Mimi nashika upande wa maandishi.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao vitabu vingi vinawachanganya. Kuna mganga wa MchimbaKale, anayelipwa na anayefanya kila kitu. Halafu kuna mtabanaji, ambaye ana neno moja tu la ugonjwa mmoja: huyu anazuia damu, yule anatuliza moto, mwingine anaondoa chunjua. Mtabanaji hapokei malipo. Devon na Cornwall hata ahsante hakupewa, kwa kuwa shukrani inavunja kazi, na neno lilirithishwa kwa kuvuka jinsia, mwanamume kwa mwanamke, mwanamke kwa mwanamume.

Maneno yao mengi ni visa vifupi vya kidini. La kuungua, kama Samuel Pepys alivyolinakili tarehe 31 Desemba 1664 (huyu alikuwa ofisa wa jeshi la majini, wala si mtu wa kijijini): malaika watatu walitoka mashariki, mmoja alileta moto, mwingine alileta baridi, toka moto, ingia baridi, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. La jino: Petro ameketi juu ya jiwe la marumaru analia, Kristo anapita anamuuliza una nini, anajibu jino, anaponywa. Hili la jino liliandikwa kwenye karatasi, likakunjwa na kushonewa ndani ya nguo. Sharti lake ni kwamba mvaaji asiifungue kusoma. Akifungua, jino linarudi.

Pepys huyo huyo ana mfano mzuri wa kifaa kilichokosewa. Alikuwa akibeba mguu wa sungura kwa ajili ya msokoto wa tumbo, haufanyi kazi. Januari 1665 mwenzake akamwonyesha kosa: mguu wake haukuwa na kiungo. Lazima ukatwe juu ya kiungo, kibaki. Pepys akaushika mguu wa mwenzake na tumbo likafunguka palepale, naye mwenyewe akaandika kwamba ajabu ni jinsi dhana inavyofanya kazi.

Sasa hirizi zenyewe. ABRACADABRA ina herufi 11. Unaandika neno zima, chini yake unaliandika tena ukipunguza herufi moja ya mwisho, mpaka ibaki A peke yake. Mistari 11, herufi 66 jumla. Maelekezo haya yamo katika shairi la tiba la Kirumi la Serenus Sammonicus: karatasi ifungwe shingoni kwa uzi wa kitani, homa ipungue kama neno linavyopungua. Karne kumi na tano baadaye bado ilikuwa ikivaliwa London wakati wa tauni.

Nyingine ni mraba huu:

S A T O R
A R E P O
T E N E T
O P E R A
R O T A S

Unasomeka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na kinyumenyume kutoka herufi ya mwisho. Ulikwanguliwa kwenye plasta ya Kirumi huko Cirencester, plasta iliyopatikana 1868, na waganga walikuwa bado wanaunakili enzi za treni. Kosa la kawaida la mnakili ni kubadilisha herufi moja asiyeijua, na hapo njia zote za kusoma zinavunjika. Mtafiti akikuta mraba uliovunjika anajua mwandishi alinakili umbo bila kujua Kilatini.

Montgomeryshire, Wales, waganga wa eneo la Llangurig waliandika hirizi ndefu za kulinda mifugo: sala ya Kilatini na Kiingereza iliyochanganyika, jina la mwenye shamba, alama za sayari, pembetatu ya Abracadabra mwishoni. Karatasi ilikunjwa ndogo, ikatiwa kwenye kichupa, kikazibwa na kufichwa zizini. Hapo hakuna mkojo wala msumari. Ni fingo la maandishi.

Na ninaloliona la thamani kuliko yote kwa wasomaji wa Kiswahili: kuna kitabu cha dawa cha Kiingereza cha kale, kilichoandikwa karibu mwaka 1000, kimehifadhiwa British Library. Kwa maradhi yaliyoitwa mbilikimo, ambayo wengi wanaona ni aina ya homa, kinasema chukua mikate 7 midogo kama ya sakramenti, kila mmoja uandike jina: Maximianus, Malchus, Iohannes, Martinianus, Dionisius, Constantinus, Serafion. Tabana kwanza sikio la kushoto, kisha la kulia, kisha utosini. Halafu msichana bikira amfungie mgonjwa hirizi hiyo shingoni. Fanya hivyo siku 3. Hao saba ni Watu wa Pangoni, As-habul Kahf, walewale ambao kwenye hirizi za Kiislamu wanaandikwa Maksalmina, Yamlikha na wenzao. Kisa kimoja cha Efeso kiligawanyika, tawi moja likafika kwa mtawa wa England na jingine kwenye hirizi za Waislamu, na pande zote mbili wakatumia majina hayo kwa kazi ileile ya kulinda mwili.

---

#5 Mwanamkasi

Ustadh, hilo la Watu wa Pangoni sikulitarajia kabisa. Mungu akubariki.

Naomba anayejua sheria atusaidie. Kama walikuwa wengi hivi na wana ankara, serikali ilikuwa inatazama tu?

---

#6 WakiliWaKale

Haikuwa inatazama. Fuata miaka:

1542, Henry VIII: kifo, na kilijumuisha hata kutafuta mali iliyopotea na hazina kwa njia za uganga. Ilifutwa 1547.

1563, Elizabeth I: kuua kwa uchawi ni kifo. Kutafuta mali au hazina kwa uganga ni kifungo cha mwaka 1, na kila robo mwaka mtu asimamishwe sokoni siku ya gulio, kwa muda wa saa 6, shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mbao. Kosa la pili, kifungo cha maisha.

1604, James I: kosa la pili la mganga nalo likawa kifo.

1736: mapinduzi. Bunge linafuta kosa la uchawi lenyewe na badala yake linaadhibu *kujifanya* una uwezo huo. Mwaka 1 jela na kusimamishwa sokoni kila robo mwaka. Kuanzia hapo sheria haimwamini tena mchawi wala mganga. Inamwona mganga kuwa tapeli.

1824: sheria ya wazururaji, hadi miezi 3 kwa wapiga ramli. Hii ndiyo iliyowakamata waganga wengi wa karne ya 19, maana ilikuwa nyepesi kuthibitisha mbele ya hakimu wa wilaya.

1951: ya 1736 inafutwa. Mwaka 1944 tu ilikuwa imemfunga Helen Duncan, mwita mizimu, miezi 9.

Pamoja na ukali huo wote, mganga aliyenyongwa kwa uganga wa kutibu pekee ni nadra. Jirani aliyepata nafuu hashitaki. Kesi zilizowafikia wengi zilikuwa za mahakama ya kanisa, na adhabu yake ilikuwa toba hadharani. Hatari ilikuja pale mteja alipofiwa. Ursula Kemp wa St Osyth, Essex, alikuwa mwaguzi na mponyaji. Ugomvi na jirani aliyemtibu ulimgeuza mchawi, akanyongwa 1582. Scotland ilikuwa kali zaidi: Bessie Dunlop wa Ayrshire, 1576, alikiri kwamba ujuzi wake wa dawa na wa vitu vilivyopotea alipewa na Thom Reid, mtu aliyekufa vitani Pinkie mwaka 1547. Kwa majaji hiyo ilitosha.

Wanaosomea sheria Afrika Mashariki wafungue sheria ya uchawi ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928 waitafute hiyo dhana ya kujifanya. Imetoka moja kwa moja katika fikra ya 1736, ikaletwa kwa watu ambao hawakushirikishwa kuiandika na ambao kwao kosa lilikuwa kuroga, sio kujifanya.

---

#7 MchimbaKale

Wakili, umenipa daraja la kurudi kwenye hoja yangu ya jina. Tuangalie ramli ya mwizi, maana wengi wanaisikia bila kujua inavyofanywa.

Unahitaji Biblia nzito na ufunguo mkubwa wa zamani wenye pete kichwani. Fungua Zaburi 50, mstari wa 18, unaomsema mtu aliyemwona mwizi akawa radhi naye. Laza ufunguo hapo, meno yawe ndani ya kitabu, pete ibaki nje. Funga kitabu, kaza kwa kamba mpaka ufunguo usicheze. Watu wawili wainue pete kwa ncha za kidole kimoja kimoja ili kitabu kining'inie. Soma mstari ukitaja jina la kwanza. Kimya. Jina la pili. Kwa jina la mwizi kitabu kinazunguka na pete inateleza vidoleni.

Ya chekeche ni hivyohivyo: ncha za mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo zinachomekwa kwenye ukingo wa mbao wa chekeche, watu wawili wanashikilia vishikio kwa vidole, chekeche inageuka.

Haikuhitaji mtu kudanganya. Kitu kizito kinachoning'inia kwenye ncha mbili za vidole hakina utulivu hata kidogo, na msuli hutikisika bila mwenyewe kujua pale jina analolishuku linapotajwa. Mwanafiziolojia William Carpenter alilipa jambo hili jina la kisayansi mwaka 1852. Kikikazwa vibaya, ufunguo unateleza kwa jina lolote, na ndipo wakubwa walisisitiza kamba ikazwe. Kwa hiyo kifaa hiki kilipima kitu cha kweli kabisa, yaani shaka ya wanaokishika.

Na hapo ndipo damu ilipomwagika. Tanzania tuna neno lake, *ramli chonganishi*. Karibu na Tring, Hertfordshire, mwenye kilabu aliyeumwa alimwita mjuzi mwanamke kutoka Northampton, akathibitishiwa kwamba amerogwa. Aprili 1751 umati ukawatumbukiza majini Ruth Osborne na mumewe, wazee maskini, Ruth akafa. Thomas Colley alinyongwa kwa mauaji yale.

Zindiko jingine lililoishia mahakamani mara nyingi lilikuwa kumchanja mchawi. Damu itoke *juu ya pumzi*, maana yake juu ya mdomo na pua, basi paji la uso. Walitumia pini, msumari, au kucha. Mtu alishauriwa afanye hivyo ili uchawi uvunjike, na aliyechanjwa alikuwa bibi kizee wa jirani.

Hata mganga hakusalimika. Sible Hedingham, Essex, Agosti 1863, mzee bubu na kiziwi aliyeishi kwa kutabiri aliburutwa hadi kijitoni na kutumbukizwa kwa madai kwamba amemroga mwanamke aliyekataliwa kuondolewa uchawi. Akafa Septemba. Watu wawili walipewa miezi 6 ya kazi ngumu.

---

#8 FundiBoriti

Habari zenu wakuu. Naona dohani na boriti hazijaguswa.

Alama inayopatikana sana ni ua la petali 6 ndani ya duara. Fungua bikari kiasi chochote, tuseme inchi 3, chora duara. Usibadilishe tena upana wa bikari. Chomeka ncha popote kwenye mzingo, chora tao linalopita katikati na kukata mzingo pande mbili. Hamia kwenye moja ya sehemu ulizokata, rudia. Tao la 6 linafunga ua, kwa sababu nusu kipenyo ndiyo urefu wa upande wa pembesita. Bikari ikilegea hata milimita moja tao la mwisho halikutani na la kwanza, na ziko nyingi za namna hiyo kwenye boriti za kweli.

Nyingine ni V mbili zilizopishana. Zinasomwa Virgo Virginum, Bikira wa Mabikira. Ziliendelea kukwanguliwa hata baada ya England kuwa ya Kiprotestanti.

Ya tatu ni alama ya kuungua yenye umbo la tone la machozi. Watu husema ni mshumaa uliosahauliwa. Mshumaa uliosimama karibu na mbao huacha doa pana lisilo na kina. Kupata tone lenye kina lazima uuinamishe kama nyuzi 45 na kuukalisha hapo makusudi. Na ziko alama zilizogeuka juu chini, yaani mbao ilichomwa kabla haijapandishwa.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni nyumba ya Knole, Kent. Walipoinua mbao za sakafu ya chumba kilichoandaliwa kwa ajili ya Mfalme James I walikuta mikwaruzo ya kupishana na alama za moto kwenye boriti upande wa mekoni. Pete za mti zilionyesha miti ilikatwa majira ya baridi ya 1605–06, ndiyo kipindi cha njama ya kulipua bunge. Mafundi waliweka ulinzi mahali ambapo mfalme asingeuona, kati ya kitanda chake na tundu la dohani. Dohani ndiyo mlango pekee wa nyumba usiofungwa. Ukishika hilo, unajua pa kutafuta.

---

#9 Mwanamkasi

FundiBoriti, wapo wanaosema ua la petali 6 ni mazoezi ya seremala ya kupata pembe, hakuna uchawi ndani yake.

---

#10 FundiBoriti

Wana haki nusu, dada. Seremala alilitumia kweli kupata pembe ya nyuzi 60 na 90 bila kipimo. Mimi naangalia mambo matatu. Liko wapi: kwenye kizingiti, dirisha na boriti ya meko, au popote tu? Linaendana na vipimo vya mbao ile? Likiwa na kipimo cha jengo ni la kazi. Na je, yako mengi yaliyolundikana, mengine hayajakamilika, pamoja na V na matone ya moto? Huo mchanganyiko hauna kazi ya useremala. Kosa kubwa ni la kuona duara moja ghalani na kulipa jina la zindiko papo hapo.

Viatu havina utata kiasi hicho. Makavazi ya Northampton, mji wa washona viatu, yana orodha iliyoanzishwa miaka ya 1950, na kufikia 2012 ilikuwa na taarifa zipatazo 1,900. Kwa kawaida ni kimoja badala ya jozi, kimechakaa, kimeshonwashonwa, na vingi ni vya watoto. Vinakutwa hasa kwenye dohani, kisha chini ya sakafu na darini. Kiatu ndicho vazi pekee linalobaki na umbo la mwenyewe. Wengine wanakihusisha na John Schorn, kasisi wa North Marston, Buckinghamshire, aliyefariki karibu 1314, ambaye husimuliwa kwamba alimfungia shetani ndani ya buti.

Zizini na bandani mambo yalikuwa mepesi: jiwe lenye tundu la asili lililoning'inizwa ili farasi wasipandwe na wachawi usiku, au msalaba wa mti wa rowan uliofungwa kwa uzi mwekundu, hasa Scotland mwanzoni mwa Mei.

---

#11 MchimbaKale

Nyongeza moja ya tahadhari. Kilichomo dohani si lazima kiwe cha kulinda. Rockwell Green, Somerset, mwaka 1872, vitunguu vilianguka kutoka kwenye dohani ya kilabu cha pombe. Kila kimoja kilikuwa kimebandikwa karatasi yenye jina kwa pini nyingi, na jina moja lilikuwa la mtu aliyekuwa akipigania watu waache pombe. Kitunguu kikikaushwa na moshi, naye akauke. Hilo ni tego, na liko mahali palepale ambapo jirani aliweka kiatu cha mtoto wake. Soma vilivyomo kabla ya kusoma mahali.

---

#12 Mwanamkasi

Na mtu akibomoa ukuta wa nyumba ya kale akakuta chupa au kiatu, afanye nini?

---

#13 FundiBoriti

Simamisha kazi sehemu ile. Piga picha kabla ya kugusa, weka rula ndani ya picha, na ya pili kutoka mbali ionyeshe meko au mlango ulipo. Andika kina, na kama shingo ya chupa ilitazama juu au chini, maana hilo likipotea halirudi.

Kiatu usikisugue wala kukipaka mafuta. Usikikaushe juani, ngozi itapasuka. Kifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi, sanduku lisiloziba hewa. Usikipige pasi wala kukinyoosha, mikunjo ni ya mguu wa mtu.

Chupa usiitikise na usiing'oe kizibo. Ukifungua, mkojo unakauka na mkemia hana tena cha kupima, na vyuma vilivyokaa miaka 300 bila hewa vinaliwa na kutu upesi. Ibebe kwa mkao uleule uliyoikuta. Kama ilikuwa kichwa chini, ibaki kichwa chini mpaka ipigwe eksirei, kwa sababu mpangilio wa pini shingoni ndio unaoonyesha ilivyokaa tangu siku ya kufukiwa. Kisha uwajulishe makavazi ya eneo lile.